Foleni iliyojificha sebuleni: kwa nini sauti hukatika ilhali kifurushi hakijaisha

Baina ya Magharibi na Isha, nyumba nyingi za Mbagala, kuanzia Rangi Tatu na Zakhem hadi Kijichi na Charambe, huwa na shughuli kadhaa zinazotegemea intaneti moja. Chumbani mtoto ameketi mbele ya simu akisomeshwa Qur'ani na ustadhi aliye Unguja. Barazani kaka yake anapakia video ya harusi ya Jumamosi. Mama, naye yu jikoni, anazungumza na binti yake anayefanya kazi Muscat.

Ghafla sauti ya ustadhi inakatika. Mtoto anasoma aya, ustadhi yu kimya, kisha wote wawili wanasema kwa pamoja na hakuna anayemsikia mwenzake. Kwa mama, kila swali linajibiwa baada ya kimya kirefu, hata anadhani binti yake analia au anamficha jambo. Baba anaitazama ruta; taa zote zinawaka. Anatazama salio, gigabaiti bado zipo. Hapo ndipo lawama huanza. Kampuni inalaumiwa, jirani anashukiwa kuiba waifai, kijana anagombezwa kwa "kumaliza mtandao", na mwishowe fedha iliyokuwa ya matumizi ya nyumbani inakwenda kununua kifurushi kikubwa zaidi. Kesho yake, saa ile ile, sauti inakatika tena.

Makala haya yana lengo moja: kubainisha kwamba tatizo la namna hii mara nyingi halitokani na uchache wa intaneti. Hutokana na foleni, na foleni yenyewe imo ndani ya nyumba. Anayeijua foleni hiyo anaweza kuipunguza, pengine bila kutoa hata shilingi moja, na akawaondolea watu wake dhana mbaya wasiyoistahili.

UJAZO, KASI NA MUDA WA KUSUBIRI

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo mitaani huitwa kwa jina moja, "mtandao". La kwanza ni ujazo, nao hupimwa kwa gigabaiti. Huu ndio tunaoununua katika vifurushi vingi vya simu. La pili ni kasi, yaani kiasi cha data kinachoweza kupita katika sekunde moja, nayo hupimwa kwa megabiti. La tatu ni muda wa kusubiri: tangu neno litoke kinywani mwa mtoto hapa Mbagala hadi limfikie ustadhi Unguja, umepita muda gani? Huu hupimwa kwa milisekunde, na sekunde moja ina milisekunde 1,000.

Anayeongeza gigabaiti ameongeza maji ndani ya tangi. Bomba lake limebaki lile lile. Anayenunua kasi amepanua bomba. Lakini hata mwenye bomba pana anaweza kusubiri muda mrefu, iwapo mbele yake wamepanga foleni watu wenye madumu mengi.

Mazungumzo ya sauti hayahitaji bomba pana. Simu ya sauti ya mtandaoni kwa kawaida haitumii hata sehemu moja ya kumi ya megabiti moja kwa sekunde. Haja yake kubwa ni kufika kwa wakati. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, umependekeza kuwa sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili watu wazungumze kama walioketi pamoja, na ikivuka milisekunde 400 huhesabiwa kuwa haifai. Kwa mwanafunzi wa tajwidi jambo hili lina uzito wa pekee. Ustadhi hawezi kusahihisha makhraji ya herufi ambayo hakuisikia, wala hawezi kupima urefu wa madda iliyomfikia vipande vipande. Somo la nusu saa linaweza kupita lote kwa kuulizana, "Je, unanisikia?"

FOLENI YA BOMBANI

Kila kinachopita katika intaneti, kiwe sauti, picha au maandishi, hukatwa katika vipande vidogo viitwavyo pakiti. Pakiti moja kwa kawaida haizidi baiti 1,500. Video ya harusi ni maelfu kwa maelfu ya pakiti zilizojaa pomoni. Sekunde moja ya sauti ya mtoto ni pakiti makumi tu, tena ndogo.

Pakiti zote hizi huingia katika ruta kwa kasi kubwa, kwa sababu waifai ya ndani ni nyepesi, kisha hutoka kuelekea nje kwa mwendo mdogo, kwa sababu njia ya kutoka ni nyembamba. Zisizopata nafasi huwekwa katika hifadhi ndogo ya kusubiria. Katika ruta nyingi kanuni ni moja: iliyotangulia kufika ndiyo itakayotangulia kutoka.

Tulichukulie bomba la maji la mtaa. Mtu mmoja amefika na mkokoteni wenye madumu ishirini, na nyuma yake amesimama mtoto mwenye kikombe kimoja, maji ya mgonjwa kumezea dawa. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake kwa kukusudia, kwani mwenye madumu alitangulia. Hata hivyo, mgonjwa atasubiri hadi dumu la ishirini lijae. Sasa wenye bomba wakiona uwanja umejaa, wakaamua kupanua uwanja ili foleni itoshe, mikokoteni mitano itasimama mahali palipokuwa pa mmoja. Maji hayataongezeka hata tone. Kitakachoongezeka ni muda wa mtoto kusimama juani.

Ndivyo ruta nyingi zilivyotengenezwa. Uwanja wake wa kusubiria ni mkubwa mno kuliko bomba lake, nayo haina mlinzi wa kumwambia mwenye kikombe apite.

MUSCAT NI KARIBU KULIKO KABATI LA TELEVISHENI

Hesabu ifuatayo itatuonyesha ukubwa wa jambo hili. Kutoka Dar es Salaam hadi Muscat, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 4,000. Mwanga ndani ya waya wa faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo umbali wote huo huuchukulia milisekunde 20. Hata njia halisi ya nyaya za baharini ikizunguka ikawa mara tatu ya hapo, bado ni milisekunde 60.

Turudi sebuleni. Tuseme njia ya kupakia ya nyumba ina kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, na hifadhi ya kusubiria inabeba megabaiti 1. Megabaiti moja ni megabiti 8. Hifadhi ikijaa, pakiti inayoingia mwisho itasubiri megabiti 8 zitoke kwa mwendo wa megabiti 2 kila sekunde, yaani sekunde 4 kamili. Katika sekunde 4 mwanga ndani ya faiba ungekwenda kilomita 800,000, masafa yanayotosha kufika mwezini na kurudi. Kwa hiyo sauti ya mama haikucheleweshwa na bahari. Ilicheleweshwa juu ya kabati la televisheni, kabla haijatoka nje ya nyumba.

Wala kero hii si ya kitambo kidogo. Picha 200 za harusi, kila moja ikiwa na megabaiti 4, ni megabaiti 800, sawa na megabiti 6,400. Kwa njia ya megabiti 2 kwa sekunde zitachukua sekunde 3,200, yaani dakika 53. Muda wote huo hifadhi ya ruta inaweza kubaki imejaa, na kila sauti inayoingia itakaa nyuma ya picha. Aidha, simu janja nyingi huanza zenyewe kupeleka picha katika hifadhi ya mtandaoni pindi zinapoiona waifai. Kijana anayegombezwa huenda hata hajui kwamba simu iliyo mfukoni mwake inapakia.

TATIZO LENYE HISTORIA

Msongamano huu haukuanza Mbagala, wala haukuanza juzi. Mnamo Oktoba 1986, mawasiliano ya kompyuta kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, yaliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40 tu. Sehemu hizo mbili zilitengana kwa yadi zipatazo 400, umbali wa kutembea kwa miguu dakika chache. Kompyuta zilikuwa zikituma kwa pupa, pakiti zikikwama zinatumwa tena, na kutuma tena kukazidisha kukwama.

Mtaalamu Van Jacobson alilichunguza tukio hilo, na mwaka 1988 akachapisha tiba yake. Kila kompyuta ijifunze kuanza taratibu, iongeze mwendo kidogo kidogo, na inapoona pakiti imepotea njiani ichukulie hilo kuwa ni onyo na ipunguze mwendo. Intaneti ya leo bado imesimama juu ya msingi huo.

Baadaye bei ya hifadhi za kielektroniki ilishuka sana, na watengenezaji wa ruta wakaona ni wema kuweka hifadhi kubwa ili pakiti yoyote isipotee. Matokeo yake, lile onyo likachelewa kufika. Simu inayopakia video haioni pakiti iliyopotea, basi inaendelea kusukuma, na foleni inabaki imejaa. Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys wa Marekani alipochunguza sababu ya intaneti ya nyumbani kwake kuzorota, aligundua kwamba uvimbe huo wa hifadhi umeenea katika vifaa vingi. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa kanuni iitwayo CoDel. Kanuni hii haitazami foleni ina urefu gani. Inatazama kila pakiti imesubiri muda gani. Ikiwa kusubiri kunazidi milisekunde 5 mfululizo kwa milisekunde 100, kanuni hudondosha pakiti moja ili mtumaji apate onyo apunguze mwendo. Baadaye iliunganishwa na utaratibu wa kugawa foleni moja katika foleni nyingi ndogo zinazohudumiwa kwa zamu, na muunganiko huo ukaitwa FQ-CoDel. Januari 2018 maelezo yake yalichapishwa miongoni mwa nyaraka rasmi za wahandisi wa intaneti duniani.

Hapa kuna hikma inayostahili kutafakariwa. Kifaa kilichokataa kupoteza hata pakiti moja kiliwapotezea watu mazungumzo mazima. Kinachokubali kupoteza pakiti moja kwa wakati wake huyaokoa mazungumzo, na video nayo hufika salama, kwa kuwa pakiti iliyodondoshwa hutumwa tena.

TUPIME KABLA YA KULAUMU

Si kila kukatika kwa sauti ni foleni ya nyumbani. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota nchini Tanzania na katika nchi jirani kwa sababu nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu. Siku kama hiyo hakuna mpangilio wa ruta utakaomfaa mtu. Kadhalika mnara wa simu unaweza kuelemewa na wateja wengi jioni, na kuta za matofali zinaweza kudhoofisha waifai katika chumba cha mwisho. Kwa hiyo insafu inataka tupime kwanza, nako kupima kuna hatua tatu nyepesi.

Hatua ya kwanza, keti karibu na ruta wakati ambapo hakuna mwingine anayeitumia, kisha piga simu ya mtandaoni. Ikiwa sauti inakatika hata hapo, na ikarudia hivyo kwa siku kadhaa, tatizo liko nje ya nyumba. Mpelekee mtoa huduma malalamiko yako kwa maandishi, ukitaja siku na saa. Akikupuuza, yafikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.

Hatua ya pili, ikiwa sauti ni safi karibu na ruta lakini mbovu chumbani, tatizo ni waifai. Iinue ruta, iweke katikati ya nyumba, na usiifiche ndani ya kabati au nyuma ya friji.

Hatua ya tatu, ikiwa sauti ni safi, mwambie mtu mmoja aanze kupakia video kubwa huku wewe ukiendelea kuzungumza. Sauti ikiharibika, mwambie asimamishe. Sauti ikirudi kuwa safi baada ya sekunde chache, umeipata foleni. Anayependa tarakimu afungue Fast.com na kubonyeza sehemu ya maelezo zaidi. Ataona vipimo viwili vya muda wa kusubiri, kimoja njia ikiwa tupu na kingine njia ikiwa imejaa. Tofauti ya milisekunde chache ni njema. Muda ukiruka kutoka makumi ya milisekunde hadi mamia au maelfu, foleni ni ndefu.

TIBA, KUANZIA ISIYO NA GHARAMA

Tiba ya kwanza ni mipangilio ya simu zenyewe. Kwa kila simu ya nyumbani, zima upakiaji wa picha unaojiendesha au uupange ufanyike usiku wa manane. Masasisho ya programu nayo yangoje wakati huo huo. Katika WhatsApp, zuia video zisijipakue zenyewe. Kwenye YouTube, punguza ubora wa picha. Mawaidha ya shekhe hayapungui thamani yakitazamwa kwa ubora wa wastani, ilhali data inayotumika hupungua sana.

Tiba ya pili ni kuiwekea ruta mpaka. Ruta nyingi zina kibandiko chini yake chenye anwani na neno la siri la kuingilia katika mipangilio. Humo tafuta sehemu yenye herufi QoS au sehemu ya kudhibiti kasi. Pima kasi halisi ya kupakua na ya kupakia, kisha weka mpaka wa asilimia 85 hadi 90 ya kila moja. Kama njia ya kupakia ni megabiti 2, weka megabiti 1.7 au 1.8. Baadhi ya watu watashangaa: vipi mtu ajipunguzie kasi aliyoilipia? Sababu ni kwamba mpaka huo huileta foleni mahali unapoweza kuitawala. Upakiaji usipokijaza kifaa kinachofuata, foleni ndefu haijengeki huko, na ruta yako ndiyo itakayoamua nani apite. Unatoa sehemu moja ya kumi ya kasi ili upate mazungumzo yasiyokatika. Pakiti zinazopakuliwa husubiri upande wa mtoa huduma, nazo pia hunufaika na mpaka huu, kwa kuwa anayetuma kutoka nje hupokea onyo mapema.

Mpaka pekee hauleti uadilifu wote. Ukiwa na ruta yenye chaguo la SQM, fq_codel au CAKE, liwashe, kwani hayo ndiyo majina ya ule utaratibu wa foleni ndogo zenye zamu. Ruta zinazotumia mfumo wa OpenWrt zinaweza kuwekewa. Lakini usiibadilishe programu ya ruta uliyopewa na mtoa huduma bila ya fundi na bila ya ridhaa yake. Na anayetaka kununua ruta mpya amuulize muuzaji swali hili moja kabla ya kulipa: je, ina chaguo hilo? Idadi ya antena haitamjibu.

Tiba ya tatu inawahusu wengi wetu wanaotumia ruta za laini ya simu. Kasi ya laini hizi hubadilika kila saa kulingana na mnara, kwa hiyo mpaka uliowekwa alfajiri unaweza kuwa mkubwa mno baada ya Magharibi. Pima jioni kwa siku tatu, kisha tumia tarakimu ndogo kuliko zote. Haitakuwa tiba kamili, ila hupunguza maudhi kwa kiasi kikubwa.

Kununua kasi zaidi nako kuna mahali pake. Ikiwa watu watano wanatazama video kwa wakati mmoja, na jumla ya haja zao inazidi kasi ya njia muda wote, basi bomba ni jembamba kweli. Lakini kununua gigabaiti zaidi kwa ajili ya sauti inayokatika, ilhali salio halijaisha, ni kujaza tangi ambalo halikuwa tupu. Hiyo ni kuielekea israfu, japo nia ni njema.

ADABU YA ZAMU

Baada ya mashine inabaki nyumba yenyewe, nayo ina watu wenye haki juu ya wenzao. Wako akina baba wasemao, "Mimi ndiye ninayelipa." Ni kweli, na malipo yao ni sehemu ya nafaka wanayoitoa kwa watu wao, jambo lenye ujira mbele ya Allah. Lakini mwenye kutoa chakula hali chote peke yake kwa sababu ndiye aliyekinunua.

Tunacho kisa mashuhuri cha Mu'adh bin Jabal (r.a.). Alikuwa akiwasalisha watu wake Isha, na usiku mmoja akawasomea sura ndefu. Nyuma yake alikuwapo mtu aliyefanya kazi kutwa nzima na ngamia wake, akashindwa, akajitenga, akasali peke yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), aliyekemewa ni Mu'adh, na akaelekezwa asome sura fupi kwa kuwajali wanyonge na wenye haja walioko nyuma yake. Kurefusha kisomo ni jambo jema kwa asili yake. Kasoro ilikuwa katika kumsahau aliyesimama nyuma. Hatuilinganishi ibada na mashine, ila adabu ni moja: aliyetangulia na mzigo mrefu amfikirie mwenye haja fupi.

Kwa hiyo familia ikae pamoja, pengine baada ya Isha siku ya Ijumaa, ikubaliane juu ya saa ya sauti. Ikiwa somo la Qur'ani ni saa moja na nusu usiku hadi saa mbili, nusu saa hiyo iwe haramu kwa upakiaji kwa makubaliano ya nyumba, na sheria hiyo imbane baba kama inavyombana mtoto. Anayetaka kupakia video ya harusi aanze saa nne usiku. Harusi ilikwisha Jumamosi, haitaharibika. Na binti wa Muscat aambiwe saa ambayo njia huwa nyeupe, maana naye kule ana zamu yake ya kazi na dakika zake ni za kuhesabu.

Majirani wanaochangia ruta moja, kama tunavyoona katika nyumba nyingi za kupanga, nao wanahitaji makubaliano ya wazi. Kila mpangaji ajue saa za upakiaji mkubwa, na neno la siri lisigawiwe ovyo. Wanaochangia bili wana haki sawa ya kujua ruta imepangwaje. Mmoja akijipa kipaumbele kwa siri katika mipangilio, amekula haki ya wenzake hata kama hakuna aliyemwona.

FEDHA ZA WAUMINI

Suala hili lilifika pia mbele ya kamati yetu ya msikiti kabla ya Ramadhani, tulipokuwa tukirusha darsa baada ya Alasiri kwa ajili ya wagonjwa na akina mama walioko majumbani. Sauti ilikuwa ikikatika, na pendekezo la kwanza lilikuwa kuongeza malipo ya kila mwezi. Mjumbe mmoja, fundi wa umeme kwa kazi yake, akaomba tupime kwanza, kwa sababu fedha ile ni amana ya waumini. Tukapima. Njia ikiwa tupu, muda wa kusubiri ulikuwa makumi ya milisekunde. Vijana walipokuwa ndani na simu zao zimeunganishwa, ulipita sekunde nzima. Basi tukatenga waifai ya darsa na ya watu wengine, tukaiwekea ile ya pili mpaka, na simu zote za wanakamati zikazimwa upakiaji. Darsa ikasikika kwa malipo yale yale, na fedha iliyokuwa iongezwe ikabaki katika fungu la futari.

Msikiti mwingine unaweza kupima ukakuta haja yake ni tofauti, nayo ikawa ni kweli kwamba unahitaji njia pana zaidi. Hapo kamati itatoa fedha kwa ujuzi, na itaweza kuwaeleza waumini sababu yake.

Basi leo usiku, kabla ya kumgombeza kijana au kumshuku jirani, fanyeni jaribio lile la hatua tatu. Tazameni simu za nyumba nzima, muone ni ipi inayopakia bila ya mwenyewe kujua. Dakika kumi zinatosha. Huenda mkagundua kwamba mliyekuwa mkimlaumu hana kosa, na kumtaka radhi asiye na kosa ni bora kuliko kifurushi kipya.

Allah azijaalie nyumba zetu ziwe za maelewano, na awarahisishie watoto wetu kukisoma Kitabu chake popote walipo walimu wao. Amin.